Miaka Mitatu ya Chandarua Inahesabiwaje?

Chandarua kipya kikitolewa mfukoni bado kina harufu ya dawa na mikunjo ya kiwandani, na mgawaji hukikabidhi kwa ahadi mbili: kitadumu miaka mitatu, na unaweza kukifua mara ishirini. Kabla mwaka haujaisha, upande wa miguuni umetoboka, watoto wanaamka na vipele vya mbu, na maneno yanaanza. Huyu anasema tumeletewa bidhaa hafifu. Yule anasema watu hawajui kutunza vitu vya bure. Mama mwenye kichanga ana hofu nyingine kabisa: ikiwa mbu anakufa kwa kutua tu juu ya kitambaa hiki, je, mtoto anayelala akinyonya pindo lake?

Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, ndiyo maana mabishano hayaishi. Uimara wa chandarua na usalama wake hupimwa katika vyumba tofauti, na watu wa fani tofauti, kwa vipimo ambavyo havikubuniwa ili kujibu swali la anayelala ndani yake. Majibu yakifika mtaani yamekwisha kufupishwa mpaka yamegeuka kitu kingine. Ile tarakimu ya miaka mitatu ni mfano wa wazi, kwa sababu asili yake haihusu matundu hata kidogo.

Kitambaa kilichobebeshwa dawa

Katika miaka ya 1990 chandarua chenye dawa kilitengenezwa nyumbani. Mtu alinunua chandarua cha kawaida, akakichovya kwenye beseni la maji yenye dawa ya jamii ya pairethroidi, akakianika kivulini, na baada ya miezi kadhaa akatakiwa kurudia. Miradi ya Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, ilionyesha kwamba kinga hiyo inaokoa maisha ya watoto. Lakini kuchovya upya ndiko kulikowashinda watu. Dawa inaisha dukani, msimu wa kilimo unaingia, na chandarua kinabaki kitambaa kitupu.

Viwanda vikajibu kwa kuifunga dawa ndani ya kitambaa chenyewe, kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya poliethilini: plastiki huyeyushwa, dawa ikachanganywa humo, ndipo uzi ukavutwa, baadaye dawa hupanda polepole kutoka kiini cha uzi hadi juu yake. Vyandarua vya aina hii ndivyo kiwanda cha A to Z cha Arusha kilivyoanza kuzalisha mwaka 2003 kwa teknolojia ya kampuni ya Sumitomo ya Japani. Njia ya pili ni ya poliesta: kitambaa hufumwa kwanza, kisha hupakwa dawa pamoja na kiambata kinachoishikiza kwenye uzi. Matunda yake yalikuwa makubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2015 jitihada za kupambana na malaria ziliepusha Afrika wagonjwa milioni 663, na asilimia 68 ya hao waliepushwa na vyandarua vyenye dawa.

Ili kuitenganisha bidhaa hii mpya na ile ya kuchovya, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka sharti: chandarua cha dawa ya muda mrefu ni kile ambacho dawa yake inaendelea kuua mbu baada ya kufuliwa mara 20 maabara, na baada ya miaka mitatu ya matumizi ya kawaida, bila kuchovywa tena. Sharti hilo linazungumzia uhai wa dawa. Halisemi kwamba kitambaa hakitachanika. Tarakimu iliyobuniwa kupima kemia ikasafiri hadi kwenye mipango ya ununuzi, ikawa ratiba ya ugawaji, ikaishia mdomoni mwa mgawaji kama dhamana ya kitambaa. Hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa, na naona ajabu kwamba umeachwa ukae muda wote huu.

Chupa, sabuni na mbu wa Kisumu

Ufuaji wa maabara haufanani na ule wa nyumbani. Fundi hukata kipande cha sentimita 25 kwa 25, hukitia kwenye chupa ya lita moja yenye nusu lita ya maji yaliyoondolewa madini, na sabuni kwa kipimo cha gramu mbili kwa lita. Chupa huingizwa kwenye mashine yenye maji ya nyuzijoto 30, ikatikiswa mara 155 kwa dakika, kwa dakika kumi. Kipande husuuzwa mara mbili kwa mtindo uleule, hukaushwa, kisha huachwa siku kadhaa mpaka dawa irejee juu ya uzi. Huo umekuwa ufuaji mmoja. Unarudiwa hadi ishirini.

Baada ya hapo wanaletwa mbu. Majike wa umri wa siku mbili hadi tano, ambao hawajanyonya damu, hufungiwa watano watano chini ya koni ya plastiki juu ya kitambaa kwa dakika tatu. Kisha hutolewa, hupewa pamba yenye maji ya sukari, na husubiriwa. Kitambaa kimefaulu ikiwa asilimia 95 wameanguka baada ya dakika 60, au asilimia 80 wamekufa baada ya saa 24. Kikishindwa hapo bado kina nafasi ya pili kwenye bomba la kioo: mbu mia moja huachiwa jioni upande mmoja, mnyama wa chambo amewekwa upande wa pili, na katikati pana kipande cha chandarua kilichotobolewa matundu tisa ya sentimita moja moja. Asubuhi wanahesabiwa waliopita, walionyonya na waliokufa.

Mbu wenyewe mara nyingi ni wa ukoo uitwao Kisumu. Ni Anofelesi ambao mababu zao walikamatwa Kenya miongo mingi iliyopita, wakafugwa kizazi baada ya kizazi bila kukutana na dawa. Leo wamo katika maabara za mabara mengi, na mtu anayewasikia kwa mara ya kwanza huuliza kwa haki kabisa: mbu laini kiasi hicho wanapima nini?

Nguvu ya kitambaa nayo ina chombo chake. Kipande hubanwa juu ya kiwambo cha mpira, kiwambo hujazwa hewa au kimiminika kikavimba, na shinikizo husomwa kwa kilopaskali pale kitambaa kinapopasuka. Kwa miaka mingi tarakimu hiyo moja ndiyo iliyokuwa hukumu ya uimara katika mikataba ya ununuzi.

Wanaosimama na maabara

Hoja ya upande huu si nyepesi, na wanaoidharau hawajaitafakari. Kipimo kinachofaa kununulia mamilioni ya vyandarua lazima kitoe jibu lilelile Arusha, Nairobi na Geneva. Lazima kitoe jibu ndani ya wiki, wakati shehena bado iko bandarini. Ukiacha kila nchi ipime kwa sabuni yake na mbu wake, hakuna atakayejua kama kiwanda kimeharibu kazi au mazingira ndiyo yametofautiana.

Hapo ndipo mbu wa Kisumu anapoeleweka. Akifa mbu asiye na usugu, tunajua kitambaa kina dawa hai. Asipokufa, kosa ni la kitambaa, wala hatuna mwingine wa kulaumu. Ushahidi mzito wa hoja hii ulitoka Papua New Guinea. Mwaka 2020 watafiti walichapisha vipimo vya vyandarua vipya, vingine vikiwa bado mfukoni, na wakakuta kwamba vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 2013 viliua mbu wachache mno kuliko vya miaka ya kabla, ingawa mbu wa majaribio hawakuwa na usugu. Majina ya bidhaa yalikuwa yaleyale, lebo zilezile. Bila koni, dakika tatu na mbu laini, nchi nzima ingeendelea kugawa kitambaa dhaifu huku ikitafuta sababu ya malaria kuongezeka kwingine kote.

Udhaifu wa maabara uko kwenye yale isiyoyagusa. Nyumbani, chandarua hufuliwa kwa sabuni ya unga, na pengine kwa sabuni kali ya mche, kikasuguliwa kwa mikono ndani ya karai, kikakamuliwa na kuanikwa juani ambako miale ya jua huivunja dawa. Chupa inayotikiswa haiyajui hayo. Kubwa zaidi ni lile la kupasuka kwa shinikizo. Kiwambo husukuma eneo zima la kitambaa kwa pamoja, nyuzi zikasaidiana kubeba mzigo. Kwenye kitanda cha miti hali ni nyingine: kibanzi kinadaka uzi mmoja, mtu anageuka usingizini, uzi unakatika na fundo linafunguka. Nguvu yote imeangukia nyuzi mbili tatu. Kitambaa kinaweza kufaulu mtihani wa kwanza vizuri na kushindwa wa pili usiku wa kwanza.

Wanaohesabu matundu

Upande wa pili unasema kwamba kipimo cha kweli ni nyumba ya mtu. Chagua kaya, wape vyandarua, rudi kila mwaka, uliza kilichopo na kisichopo, kisha kitundike chandarua kwenye fremu na uhesabu matundu.

WHO ilitoa utaratibu wa kuhesabu ambao haudai hata rula. Tundu lisilopitisha kidole gumba lina uzito wa 1. Linalopitisha gumba lakini si ngumi lina uzito wa 23. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa, 196. Na linalozidi kichwa, 576. Jumlisha. Hadi 64 chandarua ni kizuri. Kuanzia 65 hadi 642 kimeharibika lakini kinafaa. Kikizidi 642 kimechakaa. Tufanye hesabu kidogo. Matundu mawili ya kupitisha gumba ni 46: kizuri. Likiongezeka la tatu tunapata 69, kimeharibika. Tundu moja kubwa kuliko kichwa ni 576, na bado tunaambiwa kinafaa. Ongeza matundu matatu ya kupitisha gumba, jumla inakuwa 645 na chandarua kinaandikwa mfu.

Hesabu hiyo ikiingizwa kwenye miaka ndipo unapata umri wa chandarua: ni muda unaopita mpaka nusu ya vilivyogawiwa viwe vimetupwa kwa kuchakaa, au vipo lakini vimevuka 642. Zingatia neno nusu. Hata bidhaa inayostahili kuitwa ya miaka mitatu inaruhusiwa, mwaka huo wa tatu ukitimia, kuwa imeziacha nusu ya familia bila kinga ya maana.

Tanzania ndiyo iliyofanya moja ya majaribio makubwa zaidi ya aina hii. Vyandarua zaidi ya elfu kumi vya bidhaa tatu tofauti viligawiwa kwa kura katika kaya za wilaya 8 na kufuatiliwa miaka mitatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: umri wa kati wa bidhaa moja ulikuwa miaka 2, ya pili miaka 2.5 na ya tatu 2.6. Hakuna iliyofika mitatu. Zote zilikuwa zimefaulu maabara. Na ile iliyokufa mapema haikuwa ya bei nafuu ukipiga hesabu kwa mwaka wa matumizi: ilikuwa ya gharama zaidi.

Tafiti za namna hii zimetueleza pia ni nini kinachotoboa. Kudakwa na kitu chenye ncha kunaongoza. Unafuata msuguano pale kitambaa kinapochomekwa chini ya godoro kila usiku na kuchomolewa kila asubuhi, meno ya panya, moto wa kibatari au mshumaa, na mivuto ya watoto. Matundu mengi hukaa nusu ya chini. Kwa hiyo shutuma kwamba watu hawajui kutunza haisimami peke yake. Familia inayolala watu wanne chumba kimoja, kitanda cha kamba na miti, chakula kimehifadhiwa humohumo na panya wanakifuata, haiwezi kukitunza kitambaa chepesi kama mwenye kitanda cha mbao zilizopigwa randa. Nyumba hiyo ndiyo soko halisi la chandarua. Bidhaa isiyoiweza haijatengenezwa kwa ajili yake.

Lakini nyumba nayo ni maabara yenye kasoro. Jibu linachukua miaka mitatu, na likifika, kiwanda huenda kimeshabadili uzi au mchanganyiko wa dawa. Gharama ni kubwa, na matokeo ya Kilosa hayahami yenyewe hadi Kigoma. Kuna mtego mwingine ambao msomaji wa takwimu hizi anapaswa kuujua. Anayepima anapima vilivyobaki. Chandarua kilichoraruka vibaya kimeshakuwa uzio wa kuku au kamba ya kufungia mzigo, na ukitazama vilivyosalia tu utadhani bidhaa ni imara kuliko ilivyo. Ndiyo maana vilivyopotea lazima viingizwe kwenye hesabu, pamoja na sababu ya kupotea kwavyo.

Kati ya pande hizi mbili pamejitokeza njia ya tatu: kuleta ugomvi wa nyumbani ndani ya maabara. Badala ya kupasua kwa shinikizo pekee, kitambaa kinapimwa pia kwa kudakwa, kwa kusuguliwa, na kwa jinsi tundu dogo linavyotanuka likivutwa, halafu majibu yote hukusanywa kuwa alama moja kati ya 0 na 100. Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba unene wa uzi haujibu kila kitu. Namna nyuzi zinavyofumwa na kufungana ina uzito mkubwa vilevile. Kwangu hii ndiyo hatua yenye manufaa zaidi kwa upande wa kitambaa, maana inampa mnunuzi jibu la wiki lenye harufu ya nyumbani.

Ngozi, titi, moto na maji

Swali la usalama halitenganishiki na la uimara, na hapa ndipo wengi hupotea. Mbu hufa kwa dawa iliyo juu ya uzi. Dawa iliyo juu ya uzi ndiyo inayogusa ngozi, ndiyo inayoondoka na maji ya kufulia. Ukiifungia ndani kabisa, chandarua kinakuwa salama kwa kila kiumbe, mbu akiwemo. Ukiiacha itoke upesi, unaua mbu vizuri mwaka wa kwanza, unamwasha mlalaji pua na mashavu, na mwaka wa pili umebaki na wavu tu. Kazi yote ya mtengenezaji ni kuipa dawa mwendo ulio katikati.

WHO hukadiria hatari kwa kufuata njia ambazo dawa inaweza kumwingia mtu: ngozi ya mlalaji usiku, mdomo wa mtoto anayetafuna kitambaa, mikono ya anayefua, na maziwa ya mama anayenyonyesha. Kila njia hupewa makadirio ya juu kwa makusudi, yanajumlishwa, kisha jumla hulinganishwa na kiasi ambacho mwili unaweza kukipokea kila siku bila madhara. Bidhaa ikivuka haipitishwi. Pairethroidi huvunjwa haraka na mwili wa binadamu, na hilo ndilo lililozifanya zichaguliwe. Muwasho wa ngozi, mafua ya ghafla na macho kuchonyota katika siku za mwanzo ni mambo ya kweli, siyo dhana za watu; hutokana na dawa iliyolundikana juu ya kitambaa kikiwa mfukoni, na kukianika kivulini kwa siku moja kabla ya kukitundika hupunguza sana.

Wenye mashaka wana hoja inayostahili kusikilizwa: makadirio ni makadirio, na mtoto anayelala ndani ya dawa kila usiku kwa miaka kumi hapimwi kwa chupa. Jibu bora tulilonalo limetoka Ifakara. Watoto zaidi ya 6,000 waliozaliwa kati ya mwaka 1998 na 2000 walifuatiliwa kwa miaka 22, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Waliolala kwenye vyandarua vyenye dawa mara nyingi zaidi utotoni walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa kwa takriban asilimia 40 wakilinganishwa na waliotumia mara chache. Utafiti huo haukupima kila kemikali, lakini ulipima jambo ambalo mzazi analiuliza hasa, yaani nani anafika utu uzima.

Kwenye moto, kitambaa hiki ni plastiki. Poliethilini huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 130, poliesta kwenye 260 hivi, na matone yake hushika ngozi. Majaribio ya kuwaka hufanywa kabla ya bidhaa kupitishwa, lakini hakuna jaribio linaloondoa hatari ya kibatari kilichowekwa karibu na pindo.

Kwa upande wa maji sina la kulainisha. Pairethroidi ni sumu kali kwa samaki. Kufulia chandarua mtoni au ziwani, au kukigeuza nyavu ya dagaa kama inavyoonekana kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika na kwingineko, kunaua vifaranga vya samaki kwa njia mbili kwa wakati mmoja: dawa yake, na matundu yake madogo yasiyoacha kitu.

Mbu amebadilika, kipimo kinamfuata nyuma

Anofelesi wengi wa Afrika Mashariki wameshakuwa sugu kwa pairethroidi, na hapo vyandarua vipya viliingia. Vingine vimeongezwa PBO, kemikali inayodhoofisha kinga ya mbu. Jaribio la Muleba, mkoani Kagera, lililochapishwa mwaka 2018, ndilo lililovipa sifa. Vingine vina dawa mbili. Jaribio la Misungwi, mkoani Mwanza, lilionyesha mwaka 2022 kwamba vyandarua vyenye klofenapiri pamoja na pairethroidi vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vya kawaida. WHO ikavipendekeza mwaka uliofuata.

Cha kufikirisha ni kwamba klofenapiri ingeweza kuanguka kwenye mtihani wa zamani. Haimwangushi mbu papo hapo. Huingia mwilini mwake, hugeuzwa na mwili wenyewe kuwa sumu, kisha huzima utengenezaji wa nguvu ndani ya chembe zake. Inamhitaji mbu aliye macho, anayeruka kutafuta damu usiku. Mbu aliyefungiwa kwenye koni mchana kwa dakika tatu na kuhesabiwa baada ya saa 24 hatoi picha. Ikabidi asubiriwe hadi saa 72, atumike katika bomba la kioo usiku, na apimwe katika vibanda vya majaribio ambamo mtu wa kujitolea hulala ndani ya chandarua kilichokatwa matundu sita kwa makusudi. Vibanda vya namna hiyo viko Muheza, Moshi na maeneo ya Ifakara.

Hata hivyo, dawa mpya haikukipa kitambaa mwili mpya. Ufuatiliaji wa Misungwi ulionyesha bidhaa zote zikichakaa kabla ya miaka mitatu kwa umbali mkubwa, na faida ya PBO ilififia mapema. Fedha na akili vimeelekezwa kwenye kemia kwa sababu kemia ndiyo iliyoandikwa kwenye sharti.

Bei ya chandarua au bei ya mwaka

Kwa nini basi kitambaa imara zaidi hakinunuliwi? Uzi hupimwa kwa denieri, yaani uzito wa gramu wa mita 9,000 za uzi. Kutoka denieri 75 kwenda 100 kitambaa kinapata nguvu, kinapata uzito, na kinapata bei. Poliethilini ya denieri 150 ni ngumu zaidi, lakini walalaji wengi huilalamikia kwamba inakwaruza, na chandarua kisichopendwa hakitundikwi. Matundu ya kitambaa yakibanwa sana hewa haipiti, na usiku wa Februari pwani kila mtu ataking'oa.

Mnunuzi naye ana fungu lisilobadilika. Tuchukue mfano wa hesabu tu, bei zikiwa za kubuni. Kwa shilingi milioni 60 ananunua vyandarua 10,000 vya shilingi 6,000, au 8,000 vya shilingi 7,500. Ikiwa cha kwanza kinadumu miaka 2 na cha pili miaka 3, fungu la kwanza limenunua miaka 20,000 ya kulala salama na la pili 24,000. Lakini siku ya kugawa, kwa kanuni ya chandarua kimoja kwa watu wawili, anayechagua imara anawaambia watu 4,000 warudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna ofisa anayeliona hilo kuwa jambo dogo, wala mimi silioni hivyo. Zabuni zinazoshindaniwa kwa bei ya kipande kimoja zinampa njia rahisi ya kukwepa uchungu huo, na zinamfundisha mwenye kiwanda kupunguza uzi.

Mizani inapolalia

Kwa dawa na kwa udanganyifu wa kiwandani, naupa uzito upande wa maabara bila kusita. Koni na mbu wa Kisumu vibaki, na shehena ipimwe kila inapoingia, kwa kuwa Papua New Guinea imetuonyesha kinachotokea bidhaa ikiaminiwa kwa lebo. Kwa usalama wa mlalaji, ushahidi uliopo unaelemea kwenye kutumia. Hatari ya mtoto kulala nje ya chandarua ni kubwa kwa umbali usiolinganishika na ya kulala ndani. Kilichobaki ni kumwambia mama ukweli kuhusu muwasho wa siku za kwanza, kabla hajausikia kwa jirani ukiwa umegeuka kuwa utasa.

Kwa uimara wa kitambaa mizani inalalia nyumbani. Shinikizo la kupasuka lisiwe tena hukumu. Lichukuliwe pamoja na kudakwa, kusuguliwa na kutanuka kwa tundu, na umri uandikwe kutokana na kaya za mahali bidhaa itakapotumika. Zabuni zishindanie bei ya mwaka mmoja wa kinga. Wale watu 4,000 wanaobaki mikono mitupu kwenye mfano wetu watahitaji fungu la ziada mwanzoni, na hilo lisifichwe. Upande wa pili wa hesabu hiyohiyo kuna watu 20,000 wanaolala mwaka mzima wa tatu chini ya matambara.

Chandarua chenye matundu nacho kisihukumiwe haraka. Ikiwa dawa bado hai, mbu anayetafuta tundu hutambaa juu ya uzi na kupokea kipimo chake, na familia inayosubiri kipya inalindwa zaidi kwa kushona cha zamani kuliko kukitupa. Sindano na uzi vingeweza kuwekwa ndani ya kila mfuko kwa gharama ndogo sana.

Kaya za zile wilaya 8 zimeshatoa tarakimu yao: miaka 2, miaka 2.5, miaka 2.6. Nchi nyingi za Afrika bado zinapanga ugawaji mkubwa kila baada ya mitatu.